Sirapu ya elderberi jikoni Uganda: kipi kinatuliza kikohozi, na kipi ni sifa tu

Elderberi haioti Wandegeya wala Busia, lakini sirapu yake imekwisha kufika huko kwa simu. Mvua za Machi zikianza, na tena zile za Septemba, video zake huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: sufuria inachemka, matunda meusi makavu yanaelea, mdalasini na karafuu pembeni, asali inamiminwa polepole, na mama wa nchi ya mbali anaeleza kwamba nyumbani kwake mafua yamesahaulika. Maswali yanafuata. Matunda hayo yanauzwa wapi Kampala? Mtoto wa miezi minane anaweza kupewa? Ni kweli inaua virusi? Kisha anatokea mjuaji wa kundi: "Dada zangu, mbona tunda hilo liko kwenye ua wa shule hapa?" Na hapo jambo la jikoni linageuka kuwa la hospitali.

Ndani ya sufuria ile kuna mambo matatu: tunda, moto na utamu. Husifiwa kwa pamoja, lakini kazi zao hazifanani, na ushahidi wa kila moja haulingani na wa mwenzake. Linalotajwa sana ni tunda, na kwa maoni yangu ndilo lenye hoja dhaifu kuliko yote. Anayepika Uganda anaweza kuliacha asipoteze kitu kilichothibitishwa, mradi ayashike vizuri yale mawili yaliyobaki.

Tunda

Mti wenyewe, Sambucus nigra, ni wa Ulaya na maeneo jirani ya Asia ya magharibi na Afrika ya kaskazini. Marekani ya Kaskazini ina ndugu yake wa karibu. Huzaa vishada vya vitunda vyeusi vyenye maji ya rangi ya zambarau. Rangi hiyo inatokana na anthosayanini, jamii ya rangi za mimea tunayoifahamu vizuri hata kama jina lake ni geni: ndiyo inayoupaka ulimi wa mtoto msimu wa jambula (tunda ambalo Watanzania na Wakenya wanaliita zambarau), ndiyo inayoifanya chai ya rosela kuwa nyekundu, na ndiyo iliyo kwenye ganda la biringanya.

Kwenye maabara, maji ya elderberi yameonekana kuvizuia virusi vya influenza visiingie kwenye seli. Hilo ni kweli, ila limebebeshwa mzigo kuliko uwezo wake. Seli za maabara huoshwa kwa dawa moja kwa moja. Kijiko ulichomeza wewe kinapita tumboni, kinavunjwavunjwa, na anthosayanini inayoingia kwenye damu ni kidogo mno. Kwa hiyo la kuuliza ni kile kilichotokea kwa watu waliokunywa.

Majaribio yapo, ila ni machache na hayasemi kitu kimoja. Norway, msimu wa influenza wa 1999 hadi 2000, wagonjwa 60 waligawanywa: wengine walikunywa mililita 15 za sirapu ya elderberi mara nne kwa siku kwa siku tano, wengine walipewa sirapu isiyo na kitu. Waliopewa elderberi walipata nafuu siku nne mapema kwa wastani. Ndilo jaribio linalotajwa na kila muuzaji. Mwaka 2016 yakatoka matokeo ya abiria 312 waliosafiri kwa ndege kutoka Australia wakimeza vidonge vya elderberi au vidonge bandia: idadi ya waliopata mafua haikutofautiana kwa kiasi cha kujivunia, ingawa kwa waliougua upande wa elderberi, mafua yalikuwa mafupi na mepesi zaidi. Kisha mwaka 2020 watafiti wa Cleveland, Marekani, wakachapisha jaribio la wagonjwa 87 ambao influenza yao ilithibitishwa kwa kipimo. Safari hii elderberi haikupunguza siku wala ukali wa ugonjwa. Jaribio hilo la mwisho lilikuwa na wagonjwa wengi kuliko la Norway, na halipendwi sana na waweka matangazo.

Kuna jambo jingine ambalo video hazigusi. Majaribio hayo yaliilenga zaidi influenza, wakati senyiga tunayoizungumzia kila siku, pua kutiririka, koo kuwasha, kupiga chafya bila homa kali, mara nyingi huletwa na virusi vingine kabisa, hasa rinovirusi, ambavyo aina zake ni zaidi ya 150. Influenza ipo Uganda, na Taasisi ya Utafiti wa Virusi iliyoko Entebbe huifuatilia kwa kupima sampuli za wagonjwa. Lakini dawa iliyojaribiwa kwa ugonjwa mmoja haijashinda ugonjwa mwingine kwa sababu tu yote mawili hutoa kamasi.

Na mafua hupona yenyewe, kwa kawaida ndani ya siku saba hadi kumi. Ukianza kunywa kitu chochote siku ya nne, ukapona siku ya nane, kitu hicho kitasifiwa mtaa mzima. Ndivyo hata amoksilini inavyopata sifa kwenye maduka ya dawa, wakati ni dawa ya bakteria na virusi vya mafua haiviwezi hata kidogo.

Moto

Kwa elderberi yenyewe, kupika ni usalama kabla ya kuwa ladha. Majani, magome, mbegu na matunda mabichi yana kemikali zinazoweza kutoa sianidi tumboni, na vitu vingine vinavyovuruga matumbo. Agosti 1983, Monterey huko California, watu waliokuwa kwenye mkusanyiko walikunywa maji ya elderberi ya huko yaliyokamuliwa bila kupikwa, yakiwa yamepondwa pamoja na majani na vijiti. Ndani ya dakika 15 watu 11 walianza kichefuchefu na kutapika, na wanane walipelekwa hospitali kwa helikopta. Walipona, lakini somo lilibaki: kukausha si kupika. Ukiletewa elderberi kavu na ndugu aliye Ulaya, usiiloweke kama chai ya juujuu. Ichemshe taratibu kwa nusu saa au zaidi, sufuria ikiwa wazi ili mvuke utoke, kisha chuja na utupe makapi na mbegu.

Huku kwetu kuna nyongeza ndogo ambayo mapishi ya wenzetu wa pwani na Ulaya hayaihitaji. Maji ya Kampala, iliyo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, huchemka yakiwa kwenye nyuzi kama 96. Kabale, ambako asubuhi watu huamka na makoti na mafua hayaishi, huchemka karibu na nyuzi 94. Mapovu ni yale yale, joto ni pungufu. Ongeza dakika kumi, moto mdogo, basi.

Sasa turudi kwenye ua wa shule. Kichaka chenye vitunda vyeusi vinavyong'aa, maua madogo ya njano, waridi na machungwa, na majani yanayokwaruza, Waganda wanakiita kayukiyuki. Ni lantana. Watoto huvila vile vilivyoiva, ila vibichi vya kijani na majani yake vina sumu, na ng'ombe wanaokula majani hayo huharibika ini. Haina udugu wowote na elderberi. Hata kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambako jamaa wa porini wa Sambucus wapo, usiende kuchuma: aina za porini hazina sumu ya kiwango kimoja, na jiko la makaa si maabara. Tunda usilolijua kwa jina na kwa mti lisiingie sufuriani, hata likiwa na rangi nzuri namna gani.

Utamu

Hapa ndipo penye hoja nzito. Mwaka 2018 mtandao wa kitabibu wa Cochrane ulitoa mapitio yaliyoongozwa na mtafiti kutoka Nigeria, yaliyokusanya majaribio sita yenye watoto 899 wenye kikohozi. Asali ilipunguza kikohozi kuliko kutopewa kitu, kuliko sirapu bandia, na pengine kuliko dawa moja maarufu ya mzio inayotiwa kwenye sirapu nyingi za dukani. Nafuu hiyo ilionekana zaidi katika siku tatu za mwanzo. Haikuwa muujiza: mtoto alikohoa kidogo badala ya kukohoa sana, na nyumba nzima ikapata usingizi. Kwa mama anayeamka saa nane usiku, hiyo si nafuu ndogo.

Namna inavyofanya kazi haina siri kubwa. Asali ni nzito, inalipaka koo lililochubuka. Utamu wake unaongeza mate, na mate yanalainisha zaidi. Ndiyo maana sirapu ya elderberi "inafanya kazi" hata kwa anayeipika vibaya: nusu ya chupa ni asali.

Tukumbuke pia kwa nini wazazi wengi wanatafuta dawa ya nyumbani. Mwaka 2022 nchini Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa baada ya figo zao kushindwa kazi, na Shirika la Afya Duniani likatoa onyo kuhusu sirapu za kikohozi na mafua zilizoagizwa kutoka nje zikiwa na kemikali za sumu za jamii ya glikoli. Hofu ya mzazi inaeleweka. Ila chupa ya nyumbani nayo ina sharti lake moja lisilo na mjadala: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi asali, hata tone la kupaka kwenye chuchu ya chupa. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Tumbo la mtu mzima haliwapi nafasi. Tumbo la mtoto mchanga linaweza kuwaachia wakaota na kutoa sumu inayolegeza misuli hadi ile ya kupumulia. Wengine hujibu, "Mimi naichemsha kwanza." Mbegu hizo hazifi kwa maji yanayochemka, viwanda vya makopo hutumia nyuzi 121 chini ya mgandamizo. Kabale kwenye nyuzi 94 ndiyo kabisa.

Kwa hiyo tupike nini?

Ukipita soko la Nakasero, Kampala, kuuliza elderberi, jibu ambalo ningelitarajia ni, "Nyabo, hiyo sina, chukua rosela." Na jibu hilo si baya. Ningechagua kati ya rosela na jambula. Mti wa jambula uko kila mahali, bei yake ni ya kirafiki, na rangi yake ni ya jamii ile ile ya anthosayanini. Sidai kwamba jambula inatibu mafua, maana hakuna aliyeonyesha hivyo. Nadai tu kwamba inatoa sirapu nyeusi, chachu, yenye ladha ya kweli, na kwamba hakuna aliyeonyesha kwa uhakika kuwa ile ya Ulaya ina zaidi.

Chukua kilo moja ya jambula zilizoiva hadi kuwa nyeusi, zioshe, zitie kwenye sufuria na nusu lita ya maji, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba iliyopondwa, kijiti cha mdalasini na karafuu nne au tano. Moto mdogo, nusu saa. Nyama ikilainika iponde kwa mwiko ili iachane na mbegu. Usitie kwenye blenda: mbegu zikisagika sirapu inakuwa chungu na inakausha mdomo. Chuja kwa kitambaa safi, kamua, kisha rudisha maji yale jikoni yapungue hadi yabaki kama robo lita, mazito, yanayoshika kwenye kijiko. Kwa rosela, vikombe viwili vya maua makavu kwa lita moja ya maji vinatosha, na kazi inayobaki ni ile ile.

Subiri yapoe hadi uweze kuishika sufuria kwa mkono, ndipo utie asali, kwa sababu joto kali huipotezea harufu. Ndimu mbili zikamuliwe mwisho kabisa. Watu huitia ndimu kwa ajili ya vitamini C, na hapo nitasema kwa ufupi: kwa watu wa kawaida, kuinywa kila siku hakuzuii mafua, hufupisha siku zake kidogo tu, na kuianza baada ya kuugua hakujaonyesha faida ya kutegemewa. Kazi ya ndimu kwenye chupa hii ni ukali wake, unaonogesha ladha na kuwapa vijidudu wakati mgumu. Tangawizi nayo inapasha koo joto na kufungua pua kwa muda. Inatosha.

Hesabu ambayo video inairuka

Mapishi mengi ya elderberi husema: kikombe kimoja cha asali kwa vikombe viwili hivi vya maji ya tunda, weka kwenye friji. Watu wa huku hupunguza neno moja tu, friji, na chupa inalipuka kizibo baada ya siku chache.

Sababu ni hesabu. Asali ina maji kama asilimia 18, na iliyobaki karibu yote ni sukari. Ukavu huo ndio unaoilinda, kwa kuwa chachu na bakteria hawapati maji ya kunywa. Ukiichanganya na maji mara mbili ya ujazo wake, sukari inashuka hadi kama theluthi moja ya mchanganyiko. Hiyo si asali tena, ni togwa linalosubiri. Gulu mwezi wa pili, kwenye rafu ya jikoni, halisubiri muda mrefu.

Njia ni mbili. Kama una friji na umeme haukatiki kila jioni, pika kidogo, chupa ya robo lita, uimalize ndani ya wiki mbili. Kama huna, panda hadi kiwango ambacho wafamasia wamekitumia muda mrefu kwa sirapu zao, sukari karibu theluthi mbili ya uzito wote: kilo moja ya sukari kwa nusu lita ya maji ya tunda, au nusu kilo kwa robo lita. Pasha hadi sukari iyeyuke yote, mimina ikiwa moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa, funga. Ukitaka iwe ya asali tupu, itabidi uzito wa asali uwe mara nne ya ule wa maji ya tunda, na hapo ni afadhali kusema ukweli kwamba unakunywa asali iliyotiwa rangi. Mimi kwa nyumba isiyo na friji ningeacha yote hayo: kausha rosela, weka asali yako kwenye chupa yake, na uchanganye kikombe kimoja siku unapougua. Asali isiyoguswa na maji inakaa miaka.

Asali yenyewe inunue kwa mtu unayemjua. Vipimo vya mtaani, kuichovya kiberiti, kuidondosha kwenye mchanga, havimkamati muuzaji anayejua kuchanganya shira ya sukari vizuri.

Kipimo cha kunywa hakina ugumu. Mtoto aliyevuka mwaka mmoja, kijiko kimoja cha chai nusu saa kabla ya kulala. Mtu mzima, kijiko kikubwa peke yake au kwenye maji ya vuguvugu. Mgonjwa wa kisukari asidanganywe na sifa ya jambula kwamba inashusha sukari, kwani sukari uliyoimimina humo ni nusu kilo. Anayemeza dawa za kudumu, zikiwemo ARV, amwambie mhudumu wake anapoongeza mitishamba yoyote, hasa vitunguu saumu vingi, ambavyo vimeonekana kupunguza kiwango cha baadhi ya dawa hizo mwilini.

Na homa ikipanda, weka chupa kando. Uganda ni miongoni mwa nchi zenye malaria nyingi zaidi duniani, na malaria ya mtoto inaweza kuanza kama mafua yoyote yale. Kipimo cha tone la damu kinapatikana kituo cha afya, na katika vijiji vingi hata kwa wahudumu wa afya wa kijiji, VHT. Kwa kikohozi, mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake dakika nzima kwa saa ya simu. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, hiyo inaweza kuwa nimonia na safari ni ya usiku huo huo. Asiyeweza kunyonya au kunywa naye hasubiri asubuhi.

Limebaki la biashara, kwa sababu sirapu nzuri haikai nyumbani. Jirani ataonja, kisha ataleta chupa yake. Kumgawia ni jambo moja. Ukishabandika lebo inayosema inatibu, umeingia kwenye eneo la Mamlaka ya Dawa ya Taifa, NDA, na sheria ya tiba za asili ya mwaka 2019. Wakati wa korona, Covidex, dawa ya mitishamba iliyotengenezwa na Profesa Patrick Ogwang wa chuo kikuu cha Mbarara, ilianza kugombaniwa madukani kabla NDA haijaipitisha. Mwishoni mwa Juni 2021 ikaruhusiwa kuuzwa, ila kama ya kusaidia matibabu, si kama tiba ya korona. Sirapu yako ya jambula haina hata utafiti wa kiasi hicho. Iuze kama kinywaji cha koo, na kwenye lebo andika tarehe uliyopika, andika kwamba kuna asali, na kwa herufi kubwa: si ya mtoto wa chini ya mwaka mmoja.